Skolia: asili ya neno na majirani zake katika Kiswahili

Skolia ni maelezo mafupi yaliyoandikwa pambizoni mwa matini ya zamani, au katikati ya mistari yake, ili kufafanua neno gumu, jina la mahali, desturi iliyosahaulika au hoja ambayo msomaji wa baadaye asingeweza kuipata peke yake. Mwandishi wa maelezo hayo huitwa skoliasti. Kiingereza kililipokea neno hili katika karne ya 16 kwa umbo lake la Kilatini, “scholium”, wingi “scholia”. Nacho Kilatini kililipokea kutoka Kiyunani, “skholion”. Wafasiri wa Kiswahili hawakutani nalo kila siku. Linapotokea katika kitabu cha falsafa, cha hisabati au cha fasihi ya kale, kishawishi cha kwanza ni kulihusisha na “scholar” na kuandika “wasomi” au “usomi”. Undugu wa maneno hayo ni wa kweli, lakini maana zake zimeachana, na sentensi iliyofasiriwa hivyo huharibika kabisa: mahali palipokuwa na maandishi ya pambizoni panatokea kundi la watu.

Mzizi wa neno hauna dalili yoyote ya kitabu. “Skholē” kwa Wayunani wa kale ilikuwa nafasi, wasaa, mapumziko, muda ambao mtu hakubanwa na kazi. Wanaisimu hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kushika na kuzuia, kwa hiyo picha ya awali ni ya kujizuia, kusita, kusimamisha mwendo. Kinyume chake kiliundwa kwa kuongeza kikanushi mbele: “askholia”, hali ya kukosa wasaa, yaani shughuli. Warumi walikuwa na jozi inayofanana sana, “otium” na “negotium”, na jozi hiyo pia inaiweka kazi kama upungufu wa wasaa badala ya kuuweka wasaa kama upungufu wa kazi. Kiswahili hakina kawaida ya kuunda maneno kwa njia hiyo. Hata hivyo, anayesema “sina nafasi, nina shughuli” ameusema uhusiano wa “skholē” na “askholia” bila kukosea chochote.

Kutoka wasaa maana ilihamia kwa kile ambacho watu huru wa miji ya Kiyunani walidhani kinafaa kufanywa katika wasaa: mazungumzo ya elimu. Baadaye ikawa mhadhara, kisha kundi la wanaomsikiliza mwalimu mmoja, mwishowe jengo lenyewe. Kilatini “schola” kilichukua maana hizo za mwisho na kuzisambaza Ulaya nzima. Kando ya njia hiyo kuu likazaliwa umbo dogo. Kiyunani hudogosha nomino kwa kiambishi “-ion”, kama Kiswahili kinavyofanya kwa “ki-”, na “skholion” likawa kijimhadhara, kijisomo, maelezo ya maneno machache. Cicero ni miongoni mwa waandishi wa kwanza ambao maandishi yao yaliyobaki yana neno hilo: alilitumia kwa herufi za Kiyunani katika barua aliyomwandikia rafiki yake Atticus mwaka 44 K.K. Katika Kiyunani cha leo “skholio” ni neno la kawaida kabisa lenye maana ya maoni au maelezo.

Skolia mashuhuri kuliko zote ni zile za tenzi za Homer. Katika maktaba ya Marciana mjini Venice umo muswada wa Iliad wa karne ya 10, ambao wataalamu huuita Venetus A. Katikati ya ukurasa kuna mistari ya utenzi. Juu, chini na pembeni kumejaa maandishi madogo madogo, mengine yakiwa yamebanwa kati ya maandishi makubwa na ukingo wa ngozi. Maelezo hayo yametokana na kazi za wanazuoni wa Alexandria, hasa Aristarchus wa Samothrace aliyeishi karne ya 2 K.K., mkuu wa maktaba ya mji huo na mhakiki mkali wa Homer. Vitabu vya Aristarchus mwenyewe vimepotea vyote. Kinachojulikana juu ya hoja zake, mistari aliyoitilia shaka na sababu za kuitilia shaka, kimeokolewa kwa kiasi kikubwa na wanakili waliovikata vitabu vya waliomfuata wakavibandika pambizoni mwa kitabu kingine. Villoison alipouchapisha muswada huo mwaka 1788, mjadala wa namna tenzi za Homer zilivyotungwa ulianza upya, na haujafungwa mpaka leo.

Neno lilipata maana ya pili katika hisabati na falsafa. Huko skolia si maelezo ya mtu mwingine juu ya matini ya zamani, bali ni nyongeza ya mwandishi mwenyewe baada ya kumaliza uthibitisho: mahali anapolegeza hatua na kueleza maana ya alichokithibitisha. Spinoza aliitumia hivyo katika kitabu chake cha Maadili kilichotoka mwaka 1677. Newton aliitumia katika Principia ya 1687, na katika toleo la pili la mwaka 1713 akaongeza mwishoni ile inayojulikana kama Skolia Kuu, ambamo alizungumza juu ya Mungu na juu ya kutojua chanzo cha nguvu ya uvutano. Mfasiri wa matini ya aina hii asiandike “tanbihi” wala “maelezo ya pambizoni”, kwa kuwa maandishi hayo hayako pambizoni wala chini ya ukurasa. “Nyongeza ya ufafanuzi” ingekubalika, ingawa “skolia” yenyewe ni bora zaidi.

Shule na skuli

Msomaji wa Kiswahili anazo tayari mbegu mbili za “skholē” kinywani mwake. Mtoto wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga, huenda shule. Mwenzake wa Makunduchi, Unguja, huenda skuli. Maneno yote mawili yametoka katika “schola” ya Kilatini, moja kupitia “Schule” ya Kijerumani na jingine kupitia “school” ya Kiingereza. La kwanza liliingia wakati wa utawala wa Wajerumani, waliofungua shule za serikali pwani, Tanga ikitangulia, katika muongo wa 1890. La pili lilikaa Zanzibar, iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Wajerumani waliondolewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini neno lao lilibaki, na Waingereza waliotawala Tanganyika baada yao walilikuta limekwisha kuzoeleka.

Mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma, ni mahali ambapo mikondo hiyo miwili ilikaribiana sana. Wamisionari wa Kianglikana wa Universities’ Mission to Central Africa, ambao makao yao yalikuwa Zanzibar, waliweka kituo katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885 na kuzihudumia bandari za mwambao kwa mashua na meli. Mmoja wao, William Percival Johnson, aliyefasiri Biblia kwa Kinyanja, alifariki Liuli mwaka 1928. Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria, waliingia kwa njia ya nchi kavu na kuanzisha Peramiho mwaka 1898. Liuli yenyewe iliitwa Sphinxhafen katika ramani za Wajerumani. Kwa hiyo katika eneo ambalo leo ni wilaya za Mbinga na Nyasa walikuwapo walimu waliozaliwa na neno “school” na walimu waliozaliwa na neno “Schule”, kila kundi likifundisha watoto ambao nyumbani walisema Kimatengo, Kinyanja au Kingoni. Lililodumu ni shule.

Kabla ya yote mawili Kiswahili kilikuwa na chuo, na historia ya neno hilo ni ya kuvutia kwa sababu imesafiri kinyume na “skholē”. Chuo kilikuwa kitabu. Maana hiyo imo katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na wingi wake, vyuo, ulikuwa ndio wingi wa kawaida wa vitabu. Kisha likawa jina la mahali pa kusomea Kurani, na siku hizi chuo ni cha ualimu, cha ufundi au chuo kikuu. Kiyunani kilianza na wasaa, kikafika shuleni na kuishia ukingoni mwa kitabu; Kiswahili kilianza na kitabu na kufika shuleni. Mwanachuoni amebaki na harufu ya maana ya zamani: ni mtu wa vitabu.

Sherehe

Jirani wa karibu zaidi wa skolia katika Kiswahili si tafsiri wala tanbihi, bali ni sherehe. Kauli hii huwashangaza wanafunzi, na kwa haki, kwa sababu sherehe wanayoijua ina ngoma na pilau. Lakini vitabu vingi vya mashairi vya karne ya 20 vina mwishoni orodha ya maneno magumu na maana zake, na juu ya orodha hiyo kumeandikwa Sherehe. Neno ni la Kiarabu, “sharh”, lenye maana ya maelezo ya kitabu. Mzizi wake, sh-r-h, una picha ya kupasua na kufungua: kukata nyama vipande vyembamba, kuweka wazi kilichofichika, na katika elimu ya tiba “tashrih” ni upasuaji wa mwili kwa ajili ya kuuchunguza. Sura ya 94 ya Kurani, ambayo watoto wa madrasa huijua kwa jina la Alam Nashrah, imeutumia mzizi huo huo kwa kukunjuliwa kifua, na kutoka hapo Kiarabu kina “inshirah”, ukunjufu wa moyo. Mtu akiipitia njia hiyo, maana mbili za sherehe hazionekani tena kuwa za maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Kinachofunguliwa ni matini katika moja na moyo katika nyingine.

Kitenzi kimepatwa na mkasa wa aina yake. Kusherehesha kitabu ni kukieleza neno kwa neno, na kwa kanuni ya uundaji wa maneno mshereheshaji ni mtu wa kazi hiyo. Leo Tanzania nzima inamjua mshereheshaji kuwa ni yule anayeshika kipaza sauti harusini na kuwataja wageni meza kwa meza. Si jambo la kulalamikia; lugha imechagua. Ila anayehitaji jina la skoliasti katika Kiswahili hawezi tena kutumia mshereheshaji bila kuchekwa, na ni afadhali aandike “msharihi”, “mfafanuzi” au “skoliasti”.

Katika elimu ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa elimu ya maandishi ya pwani, vitabu vilipangwa kwa ngazi. Katikati palikuwa na “matn”, matini ya msingi, mara nyingi fupi na ya kuhifadhiwa kwa moyo. Kuizunguka palikuwa na “sharh”. Juu ya sharh paliwekwa “hashiya”, neno ambalo Kiarabu hulitumia kwa upindo wa nguo, kwa pambizo la ukurasa na kwa maandishi yaliyomo humo. Minhaj al-Talibin ya Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Kishafii kilichosomwa na mahakimu wa pwani, ilizaa sharh nyingi, na moja kati ya hizo, Tuhfat al-Muhtaj ya Ibn Hajar al-Haytami, ilizaa hashiya zake. Kiswahili kiliitwaa “matn” ikawa matini, na wanaisimu wameieneza mpaka ikawa jina la andiko lolote, hata tangazo la biashara. Maana yake ya asili katika Kiarabu ni mgongo, sehemu iliyo imara ya mwili. Matini, kwa maana hiyo ya kwanza, ni andiko linalobeba maelezo mgongoni.

Kesi iliyo wazi zaidi ya skolia katika fasihi ya Kiswahili yenyewe ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Muyaka aliishi katika miaka ya mvutano kati ya Wamazrui na Sayyid Said, mvutano uliomalizika Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, na mashairi yake mengi yalikuwa mafumbo ya kisiasa au majibizano na washairi wenzake. Aliyekuwapo aliyaelewa. Miaka hamsini baadaye maneno yalikuwapo, lakini aliyelengwa, chombo kilichotajwa na fitina iliyokuwa nyuma ya beti vilikuwa vinapotea. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya mashairi hayo na kumweleza mmisionari William Taylor maana na visa vyake. Taylor akaandika maelezo hayo pamoja na beti. Karatasi zake zimehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. William Hichens alizitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akachapisha utafiti wake mpana juu ya Muyaka mwaka 1979. Mtafiti anayesoma leo beti ya Muyaka na kuelewa inamsema nani amesimama juu ya mabega ya Mwalimu Sikujua, kama msomaji wa Aristarchus alivyosimama juu ya mabega ya mnakili wa Venetus A.

Kwa mwalimu wa bara jambo hili si la kihistoria tu. Kimvita kina “ndia” kwa njia, “mato” kwa macho na “teka” kwa cheka. Maneno mawili ya kwanza hayana hatari kubwa, kwa kuwa mwanafunzi atayaona mageni na kutafuta maana. Hatari iko katika la tatu. Mwanafunzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye tangu utotoni amekwenda kuteka maji, akikutana na mtu “anayeteka” katika shairi la Kimvita hatatafuta maana yoyote, kwa sababu anaamini anaijua. Ataona ndoo na ziwa mahali ambapo mshairi ameweka kicheko. Sherehe ya mwishoni mwa kitabu haimsaidii, maana hana sababu ya kuifungua. Skolia ya pambizoni humsaidia, kwa sababu iko pale pale jicho linapopita. Wahariri wanaoamua maelezo yakae wapi wangefanya vizuri kupima kwanza ni maneno gani yanaonekana magumu na ni yapi yanaonekana mepesi kwa uongo.

Tafsiri

Katika Kiarabu “tafsir” ni ufafanuzi, na hasa ufafanuzi wa Kurani. Kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine ni “tarjama”. Kiswahili kilichukua maneno yote mawili kisha kikayabadilisha nafasi: tafsiri ikawa kazi ya kuhamisha, na tarjuma ikabaki katika matumizi ya nadra. Maana ya zamani haikufa. Mwanafunzi wa madrasa anayesema anasoma tafsiri anamaanisha elimu ya ufafanuzi wa aya, na katika msikiti wowote sentensi hiyo haina utata. Utata huanza nje ya msikiti.

Majina ya vitabu huonyesha jinsi waandishi walivyouhisi. Godfrey Dale, mmisionari wa chama kile kile cha Kianglikana kilichofika Likoma, alipochapisha Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923 alikiita kitabu chake Tafsiri ya Kurani ya Kiarabu kwa Lugha ya Kisawahili, kisha akaongeza kwamba kina dibaji na maelezo machache. Tafsiri hapo ni maneno yaliyohamishwa. Ufafanuzi umepewa jina jingine, maelezo. Mubarak Ahmad Ahmadi alichapisha Nairobi mwaka 1953 Kurani ya Kiswahili iliyosindikizwa na maelezo marefu ya msimamo wa Ahmadiyya. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy naye alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969, na maelezo yake yana sehemu kubwa ya kuwajibu waliomtangulia. Katika vitabu hivyo vitatu aya zinazofasiriwa ni zile zile, na ubishi mwingi umo katika maelezo. Mwanafunzi anayezilinganisha tafsiri hizo bila kusoma maelezo yake amesoma nusu ya mabishano.

Utata huo una uzito wa kisheria. Sheria inayosimamia namna sheria za Tanzania zinavyopaswa kueleweka huitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Mwananchi asiye mwanasheria akisikia jina hilo anaweza kudhani inahusu kuzihamisha sheria kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwaka 2021 dhana hiyo ilipata kichekesho chake, kwani marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani yaliingizwa ndani ya sheria hiyo hiyo. Tangu hapo kitabu kimoja cha sheria kinahitaji tafsiri katika maana zote mbili, na mara nyingi katika ukurasa mmoja. Kichwa cha kifungu kinachotoa maana za maneno yaliyotumika ni “Tafsiri”, na hapo pana maana ya tatu, iliyo karibu kabisa na sherehe ya wahariri wa mashairi.

Mfano ni huu. Mkazi wa Litumbandyosi mwenye mgogoro wa shamba anapewa karatasi yenye maneno “tafsiri ya kifungu” cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ikiwa karatasi hiyo ni maneno ya kifungu yaliyohamishwa kutoka Kiingereza, anachoshika ni sheria, au kilicho karibu na sheria. Ikiwa ni maelezo ya ofisa fulani juu ya kifungu hicho, anachoshika ni maoni, na maoni hupingika. Kiingereza kingemwonya kwa kutumia maneno mawili tofauti. Kiswahili kinaweza kumwonya pia, endapo mwandishi wa karatasi atachukua taabu ya kuandika “kifungu kwa Kiswahili” katika hali ya kwanza na “ufafanuzi wa kifungu” katika ya pili. Katika maandishi ya aina hii neno tafsiri lisiachwe peke yake.

Maelezo, tanbihi, faharasa

Maelezo ni neno la jumla, na ndilo pekee kati ya haya lenye asili ya Kibantu. Limetoka katika eleza, nalo ni kufanya jambo lielee. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama, kama katika methali inayokumbusha kuwa vyaelea vimeundwa, na pia ni kuwa wazi akilini: jambo hili limenielea, halijanielea. Kiyunani kilipata jina la ufafanuzi kutoka wasaa, Kiarabu kutoka kisu kinachofungua, Kiswahili kutoka majini.

Tanbihi, Kiarabu “tanbih”, ni kuzindua, kumwamsha aliyesinzia. Linafaa kwa maandishi ya chini ya ukurasa na kwa onyo fupi, si kwa maelezo marefu. Faharasa, lililofika kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, lina maana mbili zinazogombana: orodha ya mada na kurasa zake, na orodha ya istilahi na maana zake. Kwa orodha ya pili sherehe ni neno bora na la zamani zaidi, na inasikitisha kwamba wachapishaji wengi wameliacha.

Namna ya kuandika skolia yenyewe ni rahisi. Neno linalofafanuliwa hunukuliwa kwanza kama lilivyo katika matini, kisha hufuata alama na ufafanuzi. Tuseme ripoti ya kilimo imetaja “ngoro” bila kueleza. Msomaji wa Mbinga hahitaji msaada. Msomaji wa Lamu anahitaji. Skolia ingekuwa hivi:

ngoro] kilimo cha Wamatengo katika miteremko ya Mbinga. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani hayo. Hubaki mashimo yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo, na matuta yanayopandwa maharagwe na mahindi.

Haina kauli ya kusifu wala rejea ndefu. Inatoa kile tu ambacho bila chenyewe sentensi ya ripoti haisomeki. Kama ripoti hiyo hiyo imetaja Litumbandyosi, maneno “kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma” yanatosha, ila pale ambapo hoja ya ripoti inategemea mahali hapo palivyo.

Kuhusu umbo na ngeli: Kilatini na Kiyunani hutofautisha umoja na wingi, lakini katika Kiswahili haifai kumlazimisha msomaji akumbuke “skolio” na “skolia”. Neno liwekwe katika ngeli ya i-/zi- bila kubadilika: skolia hii imepotea, skolia hizi zimepotea. Mtu ni skoliasti, wingi maskoliasti. Mwanzo wa neno hutamkwa kama mwanzo wa skuli, bila kuingiza irabu baada ya s, na mkazo hukaa kwenye li.